Hina, upepo na herufi H

Kazi ya televisheni ya siku mbili iliwahi kutuharibikia kwa sababu ya hina. Mwigizaji wetu alishuti Ijumaa, Jumamosi akaenda harusini Jang'ombe, Jumapili akarudi mikono imechorwa hina na piko, ile rangi nyeusi, mpaka karibu na viwiko. Kwenye hadithi ni usiku mmoja uleule: anatoka chumbani mikono mitupu, anafika ukumbini ina maua. Masikini, hakuna aliyemwambia. Alikuwa na miaka sita ya jukwaa, na jukwaani mchezo huanza mwanzo ukaisha mwisho, watu wakaenda zao nyumbani. Televisheni hushuti mazishi asubuhi na posa jioni, kwa kuwa nyumba ya msiba imepatikana asubuhi tu.

Mimi nafundisha wanawake kuigiza, hapa Unguja. Wengi wanaonijia wametoka jukwaani wanataka kuingia kwenye televisheni, na wanaiona safari hiyo kama kupanda daraja. Mimi naiona kama kuhamia kwenye nyumba ya mtu mwengine: vyombo ni vyako, ila jiko hulijui.

Tuanze na sauti, maana ndiyo mali yao. Ngome Kongwe, ile waliyoijenga Waomani mwishoni mwa karne ya 17, ina ukumbi wa wazi, na bahari ipo hapo ng'ambo ya Forodhani. Upepo ukivuma, maneno huliwa kichwa. Sasa tazama Kiswahili chetu kinavyokaa: kukanusha kwetu kuko kwenye kichwa cha neno. "Atakuja" na "hatakuja" vinatenganishwa na pumzi moja tu ya H. Upepo ukiila, watazamaji wa nyuma watamsubiri bwana harusi mpaka mchezo uishe, na mwigizaji ameshasema zamani kwamba hatakuja. Ndiyo maana namfundisha mtu wa jukwaani anyamaze kidogo kabla ya neno la kukanusha, aitoe H tumboni, na kichwa kitikisike pamoja nayo. Nimemfanyisha mwanafunzi mmoja "hataki, hajui, hatumtaki" ufukweni kwa wiki nzima. Wavuvi walidhani ameachwa.

Halafu huyohuyo anakuja mbele ya kamera, na H yake inalipuka kwenye maiki kama mtu anapuliza moto. Hapo inabidi aizike. Na maiki yenyewe ina mambo yake kwa wanawake wa huku. Ukiibandika kifuani, ushungi unaisugua kila akigeuza shingo, na kitambaa cha hariri bandia hulia kama karatasi. Tumezoea kuipandisha juu, kwenye ukingo wa nywele, ndani ya ushungi, na namuomba mwigizaji avae pamba. Fundi mgeni kutoka nje huchukua siku nzima kuligundua hilo.

Sishangai kwamba wanawake wetu wana nguvu zaidi kwenye sauti. Sauti ilitangulia uso. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri zikamfikisha kwenye majumba ambayo watu wake hawakuwahi kumtia machoni. Bibi zetu nao walikuwa na natiki, michezo mifupi ya kuchekesha ndani ya shughuli za taarab. Neno natiki lenyewe lina asili ya Kihindi. Ikaja redio, na bado uso ulikuwa umefichika. Televisheni ya Zanzibar ilianza miaka ya 1970, ya rangi, ya kwanza kusini mwa Sahara, wakati Bara walisubiri mpaka 1994. Kwa hiyo uso wa mwanamke anayeigiza umekuwa sebuleni kwetu muda mrefu, ila sidhani kama tumeuzoea.

Jukwaani watu humwona kwa mbali, kwenye taa, na kesho wanamkuta sokoni Darajani ananunua vitunguu wasimjue. Televisheni inamleta karibu kuliko jirani. Mwanafunzi wangu mmoja aliigiza mke mwenza mwenye husda kwa miezi kadhaa; muuza ndizi akawa hampi chenji mkononi, anaiweka juu ya meza. Yeye alicheka. Mama yake hakucheka. Tangu hapo, msichana akiletewa skripti ya kwanza namuuliza jambo moja: huyu mtu unayetaka kuwa, uko tayari kuitwa kwa jina lake na watoto wa mtaa kwa miaka mitatu? Wengi hukataa nafasi nzuri kwa sababu hiyo, na siwalaumu, ingawa mwalimu ndani yangu huumia.

Na mapenzi je? Watu huniuliza hilo kila mara. Mume na mke wa kwenye mchezo hawagusani, basi. Wapo wanaoona huo ni upungufu. Mimi naona umetufanya tuwe mafundi. Mume anabisha hodi, mke anajitazama kwenye kioo kabla ya kujibu. Anamwekea kahawa, kikombe kinageuzwa ili mkono wa kulia ukifikie. Siku ya ugomvi kikombe hakigeuzwi. Mtazamaji wa Wete, kule Pemba, haelezwi kitu, ameshaelewa kwamba leo ndani hamna amani. Macho ndiyo yanayofanya kazi hapo, na jukwaa halikumfundisha macho, limemfundisha shingo na mabega. Hilo ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote.

Malipo ni ya siku kwa siku, na kuna siku nyingi zisizo na kazi. Karibu wote ninaowajua wana cherehani, darasa la watoto au biashara ya chakula. Sina zaidi ya kusema hapo.

Yule wa hina bado tunafanya kazi pamoja. Mwezi uliopita alinipigia simu saa nne usiku. "Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu anaolewa Alhamisi. Naomba sini zote za mikono tuzimalize kabla." Nikafungua daftari. Tukashuti Jumanne na Jumatano: kuosha mchele, kusuka ukili, kufunga barua. Alhamisi saa tisa akanitumia picha, viganja vyeusi tii.