Msanii mgeni kwenye mji wa kiwanda: yanayosemwa na yaliyopo

Kila ikizungumzwa habari ya msanii kutoka mbali anayekwenda mji mdogo wa kiwanda kufanya sanaa inayotokana na mahali penyewe, mimi nawazia Lusanga, kule Kwilu, Kongo. Zamani paliitwa Leverville, kwa jina la William Lever, Mwingereza wa sabuni ambaye mwaka 1911 alipewa na Wabelgiji eneo kubwa mno la michikichi, na watu wa pale wakakwea hiyo michikichi miaka na miaka kwa ujira wa kulia.

Dhana: mgeni anapeleka sanaa pasipo na sanaa.
Hapana jamani. Watu wa kabila la Wapende wa upande ule ni wachongaji tangu enzi. Mwaka 1931 walipoasi, afisa Mbelgiji Maximilien Balot akauawa, na ikachongwa sanamu yake ili roho yake idhibitiwe isiwasumbue tena. Sasa hivi sanamu hiyo ni mali ya Virginia Museum of Fine Arts, Marekani. Kwa hiyo sanaa ilikuwepo, ikatolewa.

Dhana: mji wa kiwanda uko mbali na dunia ya sanaa.
Unilever, kampuni iliyozaliwa na biashara ya huyo huyo Lever, ilidhamini maonyesho makubwa kwenye jumba la sanaa la Tate Modern, London, kuanzia 2000 hadi 2012. Hii mimi inaniuma kweli, kwa sababu mkwezi wa mchikichi hajawahi kualikwa kwenye ufunguzi.

Dhana: ukichora bomba la moshi ukutani basi umeshaongea na mahali.
Uliza kwanza vifaa vinatoka wapi na hela inaenda kwa nani. Lusanga tangu 2014 kuna kikundi cha wafanyakazi wa mashamba, CATPC, wao wanafinyanga sanamu kwa udongo wa mtoni, zinaskaniwa, halafu zinatengenezwa upya Amsterdam kwa chokoleti na mafuta ya mawese, yaani vitu vile vile ambavyo mashamba yamekuwa yakisafirisha nje, safari ile ile, ila safari hii pesa inarudi nyumbani.

Dhana: jengo zuri la maonyesho litaokoa mji.
Jengo lipo, White Cube, lilifunguliwa 2017, jeupe pee katikati ya michikichi. Lakini kuta hazilishi mtu. Kinacholisha ni ardhi, na kikundi kimetumia mapato ya sanaa kununua zaidi ya hekta 200, ambazo miaka yote zilichoshwa na zao moja, sasa wanachanganya miti na chakula.

Dhana: nia njema ya mgeni inatosha.
Mholanzi Renzo Martens, aliyeanza nao, amelaumiwa sana kwamba ni yeye ndiye aliyekuwa anasikika, na mimi naona lawama ilikuwa na haki yake. Mgeni anatakiwa apungue kadiri kazi inavyokua. Mwaka 2024 banda la Uholanzi kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, lilikuwa la CATPC, na miezi hiyo hiyo sanamu ya Balot ikaonyeshwa Lusanga, watu waliokuwa Venice wakiiona kwa video ya moja kwa moja. CATPC wenyewe ndio walioidai, miaka. Wakaipata kwa mkopo.