Fleury: Kijiji Kisicho na Mkazi, Lakini Chenye Uongozi

Mahali palipokuwa na makazi ya watu kisha pakahamwa, Kiswahili hupaita mahame. Neno hilo hutueleza kwamba watu wameondoka, lakini halitupi habari za kijiji chenyewe kama chombo cha utawala: kama kiliwahi kufutwa, nani alikifuta, na madaftari yake yalikwenda wapi. Sisi tunaofanya kazi ya nyaraka hulikuta swali hilo mara kwa mara, kwa sababu mtu anayetafuta kumbukumbu ya kuzaliwa kwa babu yake hawezi kujua abishe hodi ofisi gani kabla ya kufahamu kijiji alichozaliwa babu huyo kilirithiwa na nani. Mfano unaolifafanua jambo hili vizuri kuliko mingine ninayoifahamu ni wa Fleury-devant-Douaumont, kijiji kilichokuwa karibu na mji wa Verdun, katika mkoa wa Meuse, mashariki mwa Ufaransa.

Uongozi wa vijiji vya Ufaransa kama unavyojulikana leo ulianza na Mapinduzi. Sheria ya tarehe 14 Desemba 1789 ilikipa kila kijiji na kila mji halmashauri yake na meya wake, na eneo hilo la utawala likaitwa komuni. Miaka mitatu baadaye, tarehe 20 Septemba 1792, usajili wa vizazi, ndoa na vifo uliondolewa mikononi mwa mapadri ukakabidhiwa komuni, kwa masharti kwamba daftari liandikwe kwa nakala mbili, moja ibaki kijijini na nyingine ipelekwe kuhifadhiwa nje ya kijiji. Naomba msomaji asiipite nakala hiyo ya pili kwa haraka. Ofisi ya meya ikiungua au ikibomolewa, ndiyo inayobaki kuthibitisha kwamba fulani alizaliwa, alioa na alifariki.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Fleury ilikuwa na wakazi wapatao 420, wengi wao wakulima. Vita vya Verdun vilianza tarehe 21 Februari 1916 na wakazi wakaondolewa. Kati ya Juni na Agosti mwaka huo kijiji kilitwaliwa na kupotezwa mara 16 na majeshi ya Ufaransa na Ujerumani, na mizinga haikuacha hata ukuta mmoja umesimama. Ardhi iliyobaki ilikuwa mashimo matupu, imejaa mabomu ambayo hayajalipuka, sumu za silaha na miili ya askari.

Vita vilipokwisha, serikali iliyaweka maeneo ya namna hiyo katika kundi lililoitwa Ukanda Mwekundu, yaani ardhi ambayo gharama ya kuisafisha ilionekana kupita thamani yake. Dola ikaichukua ardhi hiyo, na sehemu kubwa ya uwanja wa vita wa Verdun ikapandwa msitu. Vijiji tisa vya eneo hilo vilitangazwa kuwa vimekufa kwa ajili ya Ufaransa, heshima ambayo kwa kawaida hupewa watu.

Hapo ndipo historia ya Fleury inapoachana na ile ya mahame mengi. Njia iliyokuwa rahisi zaidi ilikuwa kuifuta komuni na kuigawa ardhi yake kwa majirani. Badala yake, sheria ya tarehe 18 Oktoba 1919 iliweka utaratibu kwa komuni ambazo hazingeweza kuchagua halmashauri: mkuu wa mkoa, ambaye huwakilisha serikali kuu, huteua tume ya watu watatu, na mwenyekiti wake hupewa mamlaka ya meya. Komuni sita za Meuse zinaongozwa hivyo mpaka leo, nazo ni Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Fleury, Haumont na Louvemont. Katika takwimu za taifa Fleury ina namba yake, 55189, na idadi ya wakazi wake ni sifuri. Vijiji vitatu vilivyosalia kati ya vile tisa, yaani Douaumont, Ornes na Vaux, vilipata tena wakazi wachache, na mwaka 2019 Douaumont na Vaux viliungana kuwa komuni moja.

Ukifika Fleury leo utakuta vijia vinavyopita juu ya mashimo yaliyoota nyasi, na kando yake nguzo fupi zinazoonyesha mahali palipokuwa na ofisi ya meya, shule, duka la mwoka mikate, karakana ya mhunzi. Jumba la Kumbukumbu la Verdun, lililofunguliwa mwaka 1967, limejengwa palipokuwa na kituo cha treni cha kijiji. Mwaka 2013, karibu na hapo, yalipatikana mabaki ya askari 26 wa Kifaransa. Kwa maoni yangu, tukio kama hilo linatosha kueleza kwa nini ardhi isiyo na mkazi inaweza kuhitaji kiongozi: wafu bado wanafukuliwa, familia bado zinakuja, na lazima awepo mtu mwenye dhamana ya kuwapokea.

Mkoa wa Marne ulifuata njia nyingine. Vijiji vya Tahure, Ripont, Hurlus, Perthes-lès-Hurlus na Le Mesnil-lès-Hurlus viliharibiwa katika vita hiyohiyo, lakini mwaka 1950 vilifutwa kama komuni na kuunganishwa na majirani, huku ardhi yao ikiwa katika kambi ya kijeshi ya Suippes. Kilichosalia ni majina yaliyoshonwa kwenye majina ya waliovirithi: Sommepy-Tahure, Rouvroy-Ripont, Wargemoulin-Hurlus, Souain-Perthes-lès-Hurlus, Minaucourt-le-Mesnil-lès-Hurlus. Kistari katika jina la namna hiyo ni alama ya mirathi, na mtafiti makini huanza kuuliza hapo.

Kwa hiyo anayefuatilia kijiji kilichotoweka ana tarehe mbili za kutafuta, na asizichanganye: siku watu walipoondoka, na siku sheria au amri ilipokifuta. Kwa Tahure, kati ya tarehe hizo mbili ilipita zaidi ya miaka thelathini. Kwa Fleury, tarehe ya pili haipo. Mwenye asili ya Tahure aanze kuulizia Sommepy-Tahure. Mwenye asili ya Fleury atafute madaftari ya zamani katika Hifadhi ya Nyaraka ya Meuse, mjini Bar-le-Duc, chini ya jina lilelile ambalo komuni hiyo inalitumia hadi sasa.