KCBL haikuwa tawi la KNCU

Mjini Moshi bado wapo wanaodai kwamba Benki ya Ushirika Kilimanjaro, yaani KCBL, ilikuwa idara ya KNCU iliyorithiwa tangu ukoloni. Sivyo. KNCU, chama kikuu cha wakulima wa kahawa, kilianzishwa mwaka 1933 na kuvunjwa pamoja na vyama vikuu vingine mwaka 1976, kabla ya kurejeshwa miaka ya 1980. KCBL ilizaliwa katikati ya miaka ya 1990, baada ya sheria ya mabenki ya 1991 kuruhusu benki zisizo za serikali, wanahisa wake wakuu wakiwa vyama vya ushirika. Mkanganyiko huo, nakiri, unaeleweka: mkulima aliyepima kahawa chamani mara nyingi ndiye aliyekopa benki. Hata Benki ya Ushirika Tanzania, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, chimbuko lake ni KCBL.