Namna jopo kuu la waamuzi linavyoshughulikia kesi nzito Marekani

Balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998 na kuua watu 224, mashtaka dhidi ya Osama bin Laden na wenzake yaliidhinishwa huko New York na raia wa kawaida walioitwa na mahakama kutoka makazini na majumbani mwao. Chombo walichoketi ni jopo kuu la waamuzi. Kenya na Tanzania hazina chombo hicho, kwani uamuzi wa kumshtaki mtu umo mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Ndiyo maana wasomaji wengi hulichanganya na lile jopo la watu 12 linalosikiliza kesi yenyewe na kumtia mtu hatiani au kumwachia huru.

Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanaizuia serikali ya shirikisho kumfikisha mtu kizimbani kwa kosa kubwa la jinai mpaka jopo kuu likubali, ingawa mshtakiwa anaweza kuiacha haki hiyo kwa hiari yake ikiwa kosa halina adhabu ya kifo. Utaratibu huu ulitoka Uingereza, ambako tangu mwaka 1166, enzi za Mfalme Henry wa Pili, watu wa kila eneo walitakiwa kuwataja kwa kiapo washukiwa wa uhalifu. Waingereza wenyewe waliuacha karibu wote mwaka 1933.

Jopo la shirikisho huwa na wajumbe 16 hadi 23, na angalau 12 kati yao lazima wakubaliane ndipo hati ya mashtaka itolewe. Hawaulizwi kama mtu ana hatia. Wanaulizwa kama zipo sababu za kutosha kuamini kwamba kosa limetendeka na kwamba huyu ndiye aliyelitenda. Kikao hufanyika faraghani: wamo wajumbe, mwendesha mashtaka, shahidi anayehojiwa, mwandishi wa kumbukumbu, na mkalimani akihitajika. Jaji hayumo, wakili wa utetezi hayumo, na wakati wa kujadiliana na kupiga kura hata mwendesha mashtaka hutoka nje.

Usiri huo unatetewa kwa hoja nzuri, kwani unamlinda shahidi mwoga na pia unalinda jina la mtu ambaye hatimaye hashtakiwi. Kwa maoni yangu, hata hivyo, upande mmoja umepewa nafasi kubwa mno. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1956 kwamba jopo linaweza kutegemea ushahidi wa kuambiwa; mwaka 1974 ikaruhusu shahidi aulizwe maswali yanayotokana na vielelezo vilivyopatikana kwa upekuzi haramu; na mwaka 1992 ikasema mwendesha mashtaka halazimiki kulionyesha jopo ushahidi unaomsafisha mtuhumiwa. Si ajabu kwamba majopo ya shirikisho hukataa mashtaka kwa nadra sana.

Matokeo yake yalionekana katika kesi ya Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar aliyeshtakiwa kwa milipuko ile ile. Alipofikishwa mbele ya jopo la kesi mwaka 2010, akiwa na mawakili wa kumtetea, jaji alimkataa shahidi muhimu wa serikali kwa kuwa alipatikana kupitia mahojiano ya kulazimishwa. Makosa zaidi ya 280 yakaanguka, likabaki moja la kula njama, ambalo lilitosha kumpa kifungo cha maisha. Kwa hiyo wingi wa makosa katika hati ya mashtaka hauelezi kesi itaishia wapi.

Majimbo hayabanwi na sharti hilo la Katiba, kama ilivyoamuliwa mwaka 1884, na mengi humruhusu mwendesha mashtaka kwenda moja kwa moja kwa hakimu. Jopo likikataa pia, kama lilivyofanya jopo la kaunti ya St. Louis mwaka 2014 kuhusu polisi aliyempiga risasi Michael Brown mjini Ferguson, hilo si sawa na kuachiwa huru baada ya kesi: kisheria jopo lingine linaweza kupelekewa shauri lile lile.

Kwa Waswahili wanaoishi Marekani, yafaa kutofautisha barua mbili. Asiye raia hawezi kuwa mjumbe wa jopo, na akiitwa ajibu kwamba si raia badala ya kunyamaza. Wito wa kutoa ushahidi, kinyume chake, unamhusu yeyote, raia au mgeni. Katika jopo la shirikisho wakili wa shahidi haingii chumbani, lakini shahidi anaweza kuomba kutoka ili ashauriane naye mlangoni, na anaweza kukataa kujibu swali ambalo jibu lake litamtia yeye mwenyewe hatiani. Akipewa kinga, yaani hakikisho kwamba maneno yake hayatatumiwa kumshtaki, kisha akaendelea kukataa, jaji anaweza kumweka mahabusu hadi akubali kusema au muda wa jopo uishe, bila kuzidi miezi 18.