Fedha za Kukabili Milipuko ya Magonjwa: Zinatoka Wapi, na Mkaazi wa Lamu Aulize Nini

Katikati ya mwaka 2004 mji wa Lamu ulishikwa na homa ambayo wengi waliidhania malaria. Tofauti ilikuwa maumivu ya viungo: mtu mzima aliyekuwa akipanda dau jana, leo hawezi kufunga vifungo vya shati. Sampuli za damu zilipopimwa katika maabara za KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ikajulikana kuwa ni chikungunya, ugonjwa wa virusi unaosambazwa na mbu aina ya Aedes, yule anayeuma mchana. Oktoba mwaka huo watafiti walipima damu za wakaazi wa kisiwa wakakuta robo tatu yao wameshaambukizwa. Makadirio yalikuwa watu 13,500 hivi, katika kisiwa kilichokuwa na watu kama 18,000.

Haukuishia hapa. Kabla mwaka kwisha ulikuwa Mombasa, mwaka 2005 ukaingia Komoro, kisha Réunion, ambako zaidi ya watu 200,000 waliugua, kama theluthi ya wakaazi wote. Ukavuka hadi India, na mwaka 2007 ukazuka Italia. Mlipuko uliozunguka nusu ya dunia ulionekana kwanza kwenye vichochoro vyetu.

Na chanzo chake si cha ajabu. Msimu ule ulikuwa wa joto na mvua haba. Watu walihifadhi maji majumbani kwa muda mrefu bila kuyabadilisha, na mbu wa Aedes hataki zaidi ya hapo. Wazee wetu waliijua dawa ya birika, lile tangi la maji la ndani ya nyumba: samaki wadogo wanaokula viluwiluwi. Ila pipa la plastiki lililofunikwa kwa gunia halina samaki, na siku hizi mapipa ni mengi kuliko mabirika.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kila ugonjwa ukizuka swali hurudi lile lile: serikali ina pesa, mbona hazionekani? Jibu linategemea unauliza pesa zipi. Kuna fedha za dharura na kuna fedha za maandalizi. Watu wengi, na baadhi ya viongozi wetu pia, huzichanganya.

Tuanze na za dharura. Katiba ya Kenya, kifungu cha 208, imeunda Hazina ya Dharura ya taifa, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeiwekea kikomo cha mtaji cha shilingi bilioni 10. Sheria hiyo hiyo inasema kaunti *inaweza* kuanzisha hazina yake, kwa idhini ya Bunge la Kaunti. Inaweza, haijalazimishwa. Ikishakuwepo, waziri wa fedha wa kaunti anaruhusiwa kutoa pesa kabla ya bunge kuidhinisha, mradi jambo ni la haraka, halikutarajiwa, linahatarisha maisha au ustawi wa watu, na haliwezi kungoja mwaka mwingine wa fedha. Baada ya hapo ana miezi miwili kupeleka hesabu bungeni kuomba idhini. Na kuna kikomo: malipo ya mwaka mmoja yasizidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti kulingana na hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia.

Fanya hesabu. Kaunti ndogo yenye mapato ya shilingi bilioni 3 haiwezi kutoa zaidi ya milioni 60 kwa njia hiyo mwaka mzima. Humo humo mna moto wa nyumba za makuti, mna mafuriko, mna ukame. Ugonjwa ukizuka mwezi wa Mei, huenda hazina imeshatumika.

Lakini tatizo kubwa zaidi ni lile neno la sheria, “halikutarajiwa”. Watu husema ajali haina kinga. Chikungunya Lamu si ajali, tumeshaiona. Kipindupindu penye uhaba wa maji safi, surua penye watoto waliokosa chanjo, vyote vinatarajiwa. Hazina ya dharura haikuundwa kulipia kitu ambacho mpangaji alikijua akakiacha nje ya bajeti. Njia nyingine ni bajeti ya ziada, nayo lazima iandikwe, ijadiliwe na ipitishwe. Mbu haingoji kikao.

Ndiyo maana mimi naona mjadala wa kweli uko kwenye fedha za maandalizi, zile zinazokaa ndani ya bajeti ya kawaida ya idara ya afya. Fedha hizi hazina jina kubwa na hakuna anayezikatia utepe. Ni mafuta ya boti ya kuchukua sampuli Kiunga au Kizingitini. Ni boksi la baridi na vifaa vya kupimia. Ni mshahara wa afisa wa afya ya umma anayekagua mapipa, mabirika na majabia (matangi makubwa ya maji) akitafuta viluwiluwi wakati hakuna mgonjwa hata mmoja. Ni posho ya mhudumu wa afya ya jamii: tangu mpango wa kitaifa uzinduliwe Septemba 2023, posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Huyo ndiye anayebisha hodi na kusikia kwamba nyumba tatu za mtaa mmoja zina watu wanaoumwa na viungo. Posho ikichelewa, naye hubisha hodi mara chache, na sidhani kuna wa kumlaumu.

Visiwa vina gharama yake ambayo mpangaji wa bara huisahau. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, wakati wa kusi, bahari imechafuka na safari za Pate na Kiunga ni za kubahatisha. Mgao kutoka Nairobi nao hufika kwa kuchelewa mara nyingi. Kwa hiyo miezi ya kwanza ya mwaka wa fedha huweza kupita bila pesa na bila njia. Mpango unaojali hali hii hununua mafuta na vifaa kabla ya Juni kwisha na kuviweka kwenye vituo vya visiwani.

Upande wa serikali kuu ni maabara za rufaa, sera, na afya ya bandari na mipaka. Hilo linatuhusu moja kwa moja: gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na mpaka wa Somalia uko karibu. Mgonjwa wa kwanza wa mpox, ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, nchini alitambuliwa Julai 2024 kwenye kituo cha mpakani Taita Taveta, kwa kuwa palikuwa na mtu wa kumtazama msafiri na mahali pa kupeleka sampuli.

Na wafadhili? Mwaka 2022 ulianzishwa Mfuko wa Magonjwa ya Mlipuko chini ya Benki ya Dunia. Huo hupokea maombi ya nchi na jumuiya za kikanda. Kaunti haiendi yenyewe kupiga foleni. Kwa upande mwingine, mapema 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na watu waliokuwa wakilipwa kwa miradi hiyo wakajikuta nyumbani. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya haijafika hapo.

Pesa zikitengwa, zifuatwe. Wakati wa Covid-19 ukaguzi maalum wa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu uliibua maswali juu ya ununuzi wa mabilioni uliofanywa na KEMSA, shirika la serikali linalonunua na kusambaza dawa na vifaa vya hospitali, mwaka 2020. Haraka ya dharura hulegeza kanuni za ununuzi, na hapo ndipo bei hupanda. Boksi la glavu lililonunuliwa kwa zabuni ya kawaida miezi sita kabla halina nafasi hiyo ya kupandishwa.

Mkaazi ana milango ya kuingilia. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, mkakati wa fedha wa kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katika vikao vya wananchi vya Februari watu wengi huomba zahanati mpya, na si vibaya. Ongeza haya: je, kaunti yetu ina hazina ya dharura, na mwaka jana ilitumika kwa nini? Ufuatiliaji wa magonjwa na udhibiti wa mbu umetengewa kiasi gani, na mwaka jana kilitoka kiasi gani kati ya kilichoandikwa? Boti ya afya ina mafuta ya miezi mingapi? Ripoti za Msimamizi wa Bajeti huonyesha kilichotumika kila robo mwaka, na ziko wazi kwa umma. Asiyeweza kufika kikaoni aandike barua kwa karani wa Bunge la Kaunti, ataje wadi yake, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.