Makofi kwa Wageni, na Dhana Nyingine Kuhusu Ukarimu wa Kanisani

Dar es Salaam ni jiji la watu waliokuja. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3, na wengi wao ukiwauliza kwao ni wapi watakutajia Moshi, Bukoba, Songea au Mbeya. Jumapili yoyote ile kuna anayeingia kanisani hamjui hata mtu mmoja. Kuna pia mwenyeji kabisa, aliyebatizwa hapo hapo, ila limetokea jambo na sasa anajiona si wa pale. Kuhusu hawa wawili tunaambiana mambo mengi yasiyo kweli.

“Sisi tunakaribisha: wageni tunawasimamisha na kuwapigia makofi.”

Anayefurahia makofi ni yule aliyekuja na shangazi yake, mwenye salamu za usharika wake wa Arusha. Atasimama, atataja jina, atasema “Bwana Yesu asifiwe”, atakaa akitabasamu. Lakini dada aliyeachwa na mumewe mwezi uliopita, au kijana aliyetoka mahabusu juzi, akisikia “wageni wasimame” anainamia Biblia kama anayetafuta mstari. Kwake huko ni kuhojiwa hadharani: unaitwa nani, unatoka wapi, unakaa na nani.

Tena tazama ibada ikiisha. Sharika nyingi za Kilutheri hufanya mnada wa sadaka za vitu pale nje: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Jogoo anapanda bei kwa sababu mzee mmoja na shemeji yake wameamua kutambiana, na watu wanacheka. Mgeni wetu wa makofi anapita pembeni ya kicheko hicho, peke yake, kuelekea kituo cha daladala. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna pia aliyemuuliza anapanda gari la wapi. Mtu mmoja wa kumsindikiza hadi kituoni angemfaa kuliko makofi ya kanisa zima.

“Ukarimu ni wa wenye uwezo.”

Yesu hakuwa na sebule. Katika Injili tunamkuta mara nyingi akila kwa watu: kwa Simoni Farisayo, kwa Martha na Mariamu, kwa Zakayo. Pale kisimani ni yeye Yesu aliyemwomba maji mwanamke Msamaria. Na katika Luka 14 anamwambia mwenye nyumba asiite marafiki na majirani matajiri, aite maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa kuwa hao hawana cha kumlipa. Harusi zetu hapa mjini zina kadi ya mchango inayotangulia kadi ya mwaliko, kwa hiyo sura hiyo huwa tunaisoma haraka haraka. Chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha katika chumba kimoja cha Manzese ni ukarimu kamili.

“Wasioonekana wamepoa kiroho.”

Wapo waliopoa, sibishi. Lakini uliza kwanza kuhusu bahasha. Mtu aliahidi mchango wa ujenzi biashara ikiwa nzuri, biashara ikayumba, na siku moja majina ya wasiomaliza ahadi yakasomwa. Tangu hapo Jumapili kwake ni siku ya kufua. Yakobo, katika waraka wake, aliliona hili mapema: mwenye pete ya dhahabu anaambiwa “Keti wewe hapa mahali pazuri”, maskini anaambiwa “Simama wewe pale”. Matendo 6 inaonyesha njia nyingine. Wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia waongeze maombi. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu 7. Majina ya wote 7 ni ya Kiyunani, kwa hiyo inaelekea mgao ulikabidhiwa kwa upande ule ule uliokuwa ukilalamika.

“Ukimpokea, umebariki dhambi yake.”

Angalia mpangilio katika Luka 19. Zakayo yuko juu ya mkuyu, bado ni mtoza ushuru anayechukiwa mji mzima, anaambiwa: “shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako”. Ahadi ya kurudisha mara nne aliitoa baadaye, mgeni akiwa amekwisha kukubali kuingia kwake. Sisi tunataka arudishe kwanza, tena kwa maandishi.

Na nidhamu yetu yenyewe ina upendeleo. Binti wa kwaya akipata mimba kabla ya ndoa anatengwa, sare inarudishwa, anaambiwa asubiri siku ya kurudi kundini. Kijana aliyempa mimba anaendelea kuimba besi mstari wa nyuma. Tumbo lake halionekani.

“Milango iko wazi kwa wote.”

Mlango uko wazi, ila ngazi ni nane na hakuna njia ya kiti mwendo. Spika zimeongezwa, mkalimani wa lugha ya alama hakuna, ilhali Buguruni kuna shule ya viziwi na wanaomaliza pale wanaishi humu humu mjini.

“Tuanze na wa kwetu.”

Sahani za pilau zinazovuka ukuta siku ya Krismasi kwenda kwa jirani Mwislamu, na futari inayorudi kwa njia ile ile, zimeshajibu hili mitaani. Wakristo wa mwanzo nao walilijibu, na shahidi wao ni mtu asiyewapenda. Mwaka 362 Juliano, mfalme wa Roma aliyetaka kurudisha ibada za miungu ya zamani, alimwandikia kuhani wake mmoja huko Galatia kwa uchungu kwamba “Wagalilaya”, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na wa wapagani pia. Akaagiza zijengwe nyumba za wageni mji kwa mji, kwa ngano ya serikali.