"Kwenye kompyuta imekubali": dhana zinazonichosha kwenye treni za modeli

"Fundi, kwenye kompyuta imekubali, lakini mezani treni haiendi." Wiki hii nimeyasikia mara tatu. Ya mwisho ni Mbweni, kwa bwana mmoja anayejijengea sebuleni mfano wa ile reli ya Zanzibar, ya Mjini hadi Bububu, iliyoanza mwaka 1905.

Dhana yenyewe ni kwamba programu ikikubali, basi na reli haina kasoro. Siyo. JMRI, programu ya kuendeshea treni za modeli kwa kompyuta, ina kiigizo kinachojifanya kituo cha DCC, yaani kile kisanduku kinachopeleka umeme na amri za kidijitali kwenye reli. Utapanga njia, utageuza pointi (pale reli inapogawanyika), taa zitabadilika, na hakuna hata waya mmoja uliounganishwa. Hapo umepima mpango wako, reli hujaigusa. Hata ukishaunganisha, pointi ikionyeshwa imegeuka maana yake amri imetoka, basi. Kama hukufunga swichi ya kurudisha taarifa, ulimi wa reli utakwama kwa punje moja ya mchanga na skrini itakuchekea.

Kule Mbweni treni mbili ziligongana. Ya mbele ilikatikiwa mabehewa matatu nyuma. Skrini ikasema kipande kile cha reli ni kitupu, ikairuhusu ya pili. Vihisi vinavyoiambia kompyuta kama kuna treni huona kinachokula umeme, na behewa la plastiki lisilo taa halili chochote. Linatakiwa ekseli yenye rezista, ili lile umeme kidogo lionekane. Ya kiloomu 10 inatosha. Nimelisema hili mpaka midomo imekauka.

Mimi sifungui laptopu kabla ya sarafu. Nawasha umeme, nailaza sarafu juu ya reli zote mbili, nasogea kila mita moja. Kituo kikikata umeme papo hapo, vizuri. Kisipokata, itoe sarafu haraka: waya wako mwembamba, au viungio vya reli vimeshaliwa. Kwa hewa yetu hii ya chumvi mimi viungio vya kubana siviamini kabisa. Lehemu waya kwenye kila kipande cha reli, umalize. Na reli isafishe kwa spiriti na kitambaa. Msasa huacha mikwaruzo inayokusanya uchafu, kwangu ni marufuku.

"Lazima kompyuta kali." JMRI ni ya bure na hukaa hata kwenye Raspberry Pi, kile kikompyuta kidogo cha bei nafuu. Pesa hiyo nunua waya mnene.

"Kompyuta ndiyo inayoipa treni umeme." Inatoa amri tu, umeme unatoka kituoni.

"Nimenunua vichwa viwili vya treni, vyote vinakwenda pamoja, vibovu." Vizima hivyo. Dekoda mpya, yaani kile kifaa ndani ya kichwa kinachopokea amri, hutoka kiwandani na namba 3, kwa hiyo vyote viwili vinaitika. Badilisha namba kwa DecoderPro iliyo ndani ya JMRI, kimoja kimoja. Na kama kituo chako hakina reli yake ya pembeni ya kupangia namba, kile kingine kitoe mezani kwanza, la sivyo vyote vitachukua namba mpya ileile na utanipigia tena saa nne za usiku.